Bwawa la mita 4 kwa 3 nyuma ya nyumba: niweke samaki wangapi wa kula?

MamaTunu
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaofuga samaki, hasa wenye eneo dogo.

Nipo Kibaha. Nyuma ya nyumba kuna shimo lililochimbwa kwa ajili ya tangi, mpango ukabadilika. Urefu mita 4, upana mita 3, kina mita moja. Udongo wa kichanga, mvua ikinyesha maji hayakai. Mume wangu anataka tulifukie, mimi nataka samaki. Sitafuti biashara, ni mboga ya nyumbani, tuko watu sita. Maji ni ya bomba. Pampu ya kutia hewa sitaweka.

Muuzaji wa vifaranga kaniambia nichukue 200, bwawa litabeba. Ni kweli? Na kati ya sato na kambale nianze na nani?

Mkulima_Kilosa
Dada, 200 usikubali. Eneo lako ni mita za mraba 12. Bila pampu ya hewa, sato wanakaa wawili hadi watatu kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo 30, ukizidisha sana 36. Ukiweka 200 hawatakufa wote siku ya kwanza, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Watabaki vidole vidole, utawalisha mwaka mzima na hutapata wa kukaanga.

Hao 30 ukiwatunza vizuri kwenye joto la Pwani, miezi sita hadi minane wanafika robo kilo. Yaani kilo saba na nusu, tuseme saba kwa sababu wachache watakufa. Ni milo kadhaa ya familia, siyo mboga ya kila wiki. Jipange ukijua hivyo.

Shikuku_Kakamega
Naunga mkono. Huku Kenya, mpango wa serikali wa mwaka 2009 ulichimbia wakulima mabwawa ya mita za mraba 300, na kila bwawa likawekwa vifaranga 1,000. Piga hesabu, ni watatu na kitu kwa mita. Hayo ni mabwawa makubwa yenye upepo juu ya maji. Lako limezungukwa na nyumba na ukuta, hewa inaingia kidogo zaidi. Baki na 30.

Lakini idadi ni nusu ya jambo. Sato anaanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hivi, bado mdogo. Ukiweka dume na jike pamoja, ndani ya muda mfupi 30 wako wamekuwa mamia na chakula chote kinaishia kwa watoto. Ulizia vifaranga dume watupu.

MamaTunu
Asanteni sana. Nitajuaje kama ni dume kweli? Muuzaji anaweza kusema lolote.

Mkulima_Kilosa
Kwa kifaranga kidogo huwezi kujua kwa macho, ndiyo maana inafaa kununua kwenye kituo kinachoaminika. Cha serikali kipo Kingolwira, Morogoro, si mbali na wewe.

Wakishafika ukubwa wa kiganja unaweza kuwakagua mwenyewe. Mshike kwa kitambaa kilicholowa, mgeuze tumbo juu. Nyuma ya njia ya haja kubwa kuna kinundu kidogo. Cha dume kimechongoka na kina tundu moja kwenye ncha. Cha jike ni kifupi, cha mviringo, na kina matundu mawili, moja limekaa kama mkato mdogo wa kukingama. Ukipaka wino wa kalamu kidogo ukafuta, unaona vizuri zaidi. Majike uliowapata, kaanga.

FundiMaji
Naona shimo limesahaulika. Kichanga hakishiki maji, usihangaike kushindilia. Tandika turubai zito la bwawa, kwanza ng'oa mizizi na mawe, mwaga mchanga laini chini, na liache lipande juu ya kingo nusu mita pande zote ulikandamize kwa udongo. Ukijenga kwa saruji pia inafaa, ila saruji mpya inaharibu maji. Jaza, acha siku kadhaa, mwaga, rudia tena na tena kabla ya samaki.

Maji ya bomba yana klorini. Yakae wazi juani siku mbili tatu ndipo uweke samaki. Na ukiongeza maji baadaye, ongeza kidogo kidogo.

Weka bomba la kutolea maji ya ziada na ufunge wavu mdomoni. Sato si wa asili ya mto Ruvu, hatutaki mvua kubwa iwapeleke huko.

Bi_Zawadi
Mimi nasema kambale. Anavuta hewa ya juu, maji yakichafuka yeye anavumilia. Kwa mtu asiye na pampu ndiye samaki.

Shikuku_Kakamega
Bi Zawadi, kambale anavumilia, kweli, lakini anataka chakula chenye protini nyingi na mkubwa anamla mdogo. Kwa nyumbani mimi ningechanganya: sato 30, na wakishakuwa wakubwa ongeza kambale watano wadogo kuliko wao. Hao watakula watoto wa sato ikiwa jike limepenya.

MamaTunu
Hapo nimeelewa, naenda na sato 30 na turubai. Sasa chakula: nina pumba za mahindi na mbolea ya kuku.

Mkulima_Kilosa
Mbolea weka kwenye gunia, lifunge lining'inie kwenye kona. Maji yakishakuwa kijani (ukijani huo ni chakula cha sato), zamisha mkono hadi kiwiko. Ukiona vidole vyako vizuri, mbolea bado haijatosha. Visipoonekana kabla maji hayajafika kiwiko, yamezidi, toa gunia.

Pumba peke yake haikuzi samaki. Changanya na mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa. Samaki 30 wa gramu 100 ni kilo tatu, asilimia tatu yake ni gramu 90 kwa siku. Gawa mara mbili, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, jua likiwepo. Kikielea chakula baada ya robo saa, punguza kesho. Alfajiri ukiwakuta wote juu wanatweta, hewa imekwisha: acha kulisha siku hiyo na ongeza maji safi.

Bi_Zawadi
Mwanangu, una watoto wadogo? Zungushia wavu wa chuma wenye mlango wa kufuli kabla hata maji hayajaingia. Mita moja ya maji inatosha kuzamisha mtoto. Wavu mwingine tandaza juu kwa ajili ya mdiria na korongo, na kenge pia anapenda samaki.

MamaTunu
Ninaye wa miaka miwili. Uzio unaanza wiki hii, turubai baadaye. Nikileta vifaranga namwaga tu?

Mkulima_Kilosa
Hapana. Safiri nao asubuhi au jioni, mfuko usipigwe jua. Ukifika, acha mfuko uelee juu ya bwawa kama nusu saa ili joto lilingane, kisha fungua, ingiza maji ya bwawa kidogo kidogo ndani ya mfuko, halafu uinamishe watoke wenyewe. Chakula uanze kesho yake.