Vitufe vinatoka nje ya skrini ya simu ndogo: nipunguze fonti au nifanyeje?

Chikongola_Web

Wakuu, habari za humu. Tuna mfumo wa wavuti wa makarani wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao) upande wa Newala na Tandahimba, wa kusajili stakabadhi za korosho. Muundo ulichorwa kwa Kiingereza, ukakaa vizuri. Tulipotia Kiswahili, vitufe vitatu vya kuchuja, yaani Zimelipwa, Hazijathibitishwa na Hazijalipwa, havienei kwenye simu yenye upana wa 360px. Ukurasa mzima unateleza pembeni.

Vimepangwa safu moja kwa `display: flex`, kila kimoja `flex: 1` (vigawane upana sawa), `height: 40px`, `padding` (nafasi ya ndani) ya 12px kushoto na kulia, `gap` (nafasi kati ya vitufe) ya 8px. Ukingo wa ukurasa ni 16px kila upande, fonti 16px. Nimeongeza `min-width: 0` kama inavyoshauriwa kila mahali. Ukurasa umetulia, ila sasa herufi za kitufe cha kati zinamwagikia cha jirani. Mwenye mradi anasema tushushe fonti hadi 11px yaishe. Kuna njia nyingine kabla ya minada ya Oktoba?

fundi_mkuti

Mkuu, piga hesabu kwanza, utaona 11px haikusaidii chochote.

Skrini 360 toa kingo mbili za 16, inabaki 328. Toa `gap` mbili, inabaki 312. Gawa kwa tatu: 104 kila kitufe. Toa `padding`, maneno yamebakiwa na 80px. Kwenye fonti ya 16px kadiria herufi moja kuwa 8px. "Hazijathibitishwa" ina herufi 17, ni kama 136px, pungufu kidogo kwa sababu ina i nne nyembamba. Ukishuka hadi 11px neno linabaki na 93px hivi, bado halienei. Ungelazimika kwenda 9px, na hapo karani aliyesimama juani pale ghalani hasomi kitu.

Kuhusu `min-width: 0`: kitoto cha `flex` kwa kawaida kinakataa kubanwa chini ya upana wa neno lake refu kuliko yote. Ndiyo maana mwanzo safu yako ilidai 96 + 160 + 112 na `gap` mbili, jumla 384, ikazidi nafasi kwa 56px. Ulichofanya ni kuondoa hicho kizuizi. Kitufe kimebanwa, neno halikubanwa. Dawa hiyo inafaa maandishi yenye nafasi kati ya maneno, kwa sababu yanaweza kushuka mstari. Neno moja lisilo na pa kukatika linatoka nje tu.

Kinachotakiwa kushuka mstari hapa ni kitufe chenyewe:

```
.vichujio { display: flex; flex-wrap: wrap; gap: 8px; }
.vichujio button {
  flex: 1 1 9rem;
  max-width: 100%;
  min-height: 48px;
  padding: 8px 12px;
  line-height: 1.3;
  overflow-wrap: break-word;
}
```

9rem, yaani mara tisa ya fonti ya msingi ya 16px, ni 144px. Viwili vinakaa safu ya kwanza, kila kimoja kinakua hadi 160, cha tatu kinashuka na kujaza safu yake. Herufi za msingi zikikuzwa hadi 20px, 9rem inakuwa 180, viwili havienei tena, basi kila kitufe kinapata safu yake bila wewe kuandika `@media` (kanuni ya upana fulani wa skrini) hata moja. Futa `min-width: 0` na hiyo `height: 40px`. Urefu usiobadilika ndio unaokata tumbo la herufi pale maneno yanapofika mistari miwili.

Ligula_CSS

Naunga mkono, ila nina nyongeza.

Kama kuna kitufe umekiandika kwa `<input type="submit">`, hakitashusha mstari kwa kawaida yake hata ufanyeje na upana. Badili kiwe `<button>`.

`line-height` iache bila kipimo kama alivyoandika fundi. Nimeona mifumo mingi imeweka 20px, mtu akikuza maandishi mistari inapandiana.

Ukilazimika kuligawa neno refu, usitegemee `hyphens: auto`. Inafanya kazi pale tu kivinjari kinapokuwa na kamusi ya mgawanyo wa lugha husika. Weka `&shy;` kwa mkono. Kiswahili kinarahisisha kazi hii: silabi karibu zote zinaishia kwa irabu, kwa hiyo kata baada ya irabu, mfano `Hazija&shy;thibitishwa`. Kistari kitaonekana tu mstari ukivunjika hapo. Usithubutu kuiingiza kwenye hifadhidata. Iweke wakati wa kuonyesha tu, la sivyo mtu akitafuta jina, seva inalinganisha herufi asiyoiona na kurudisha sifuri.

Na vile vidoti vitatu vya `text-overflow: ellipsis` viepuke kwenye majina ya vyama. Yote yanaanza "Chama cha Msingi cha Ushirika…" na kinachotofautisha ni neno la mwisho, ambalo ndilo linalofichwa. Karani anabaki na orodha ya vyama vinane vinavyofanana.

Chikongola_Web

Vitufe vimekaa, shukrani sana. Limebaki jedwali: Jina la mkulima, Namba ya stakabadhi, Kilo, Malipo. Niliweka `overflow-wrap: anywhere` kwenye visanduku vyote. Sasa jina linasimama wima, herufi moja kila mstari, huku namba ya stakabadhi ikijitanua.

fundi_mkuti

Hiyo ndiyo tofauti ya `anywhere` na `break-word`. Zote zinakata neno likikosa nafasi, lakini `anywhere` inamwambia kivinjari kwamba upana mdogo kabisa wa maandishi ni herufi moja. Jedwali la kawaida linagawa nafasi kwa kuangalia upana huo, kwa hiyo safu ya jina inaweza kubanwa mpaka hapo. `break-word` haigusi hesabu hiyo.

Weka `table-layout: fixed; width: 100%`, safu uzipe asilimia mwenyewe, tuseme 34, 26, 14 na 26, kisha `break-word` kwenye jina tu. Namba ya stakabadhi iwekee `<wbr>` baada ya kila mkwaju (/), ikatike unapotaka wewe.

Malipo yasikatike kabisa. Nafasi kati ya TSh na tarakimu iwe `&nbsp;`, na safu nzima ya fedha `white-space: nowrap; text-align: right; font-variant-numeric: tabular-nums` ili tarakimu zisimame chini ya zenzake. Na kamwe usiweke vidoti kwenye fedha. "TSh 2,450…" inaweza kuwa elfu mbili au milioni mbili, na mkulima yuko dirishani anasubiri jibu.

Ila angalia: 26% ya 328 ni 85px, ukitoa `padding` ya 4px kila upande inabaki 77. "TSh 2,450,000" kwa 16px inataka zaidi ya 90. Andika TSh mara moja kwenye kichwa cha safu, tarakimu peke yake zitaenea. Kwa skrini ya chini ya 400px mimi ningeachana na jedwali, kila stakabadhi iwe kadi: jina juu kwa upana wote, kilo na malipo chini yake.

nangurukuru_apk

Kwa atakayepita hapa akiwa na programu ya Android na si wavuti: maandishi kwa sp (kipimo kinachofuata ukubwa wa fonti aliouchagua mtumiaji), kitufe `minHeight` 48dp na urefu `wrap_content` (ufuate maandishi yaliyomo). Ndani ya ConstraintLayout, TextView yenye upana wa `wrap_content` inaweza kuvuka mipaka uliyoiwekea. Weka 0dp, au `layout_constrainedWidth` iwe `true`. Kujipunguza fonti kwa `autoSizeTextType` kupo tangu Android 8.0, lakini haiendani na `wrap_content`, na kila kitufe kinaishia na ukubwa wake, safu inaonekana kama meno ya bibi. Android 14 inaruhusu fonti hadi 200%, jaribu humo.

Ligula_CSS

Kwenye wavuti pia jaribu 200%, na upana wa 320px. Ndivyo vipimo vya WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya wavuti itumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu. Ukitaka mistari miwili ya kitufe ilingane, ongeza `text-wrap: balance`. Chrome inayo tangu toleo la 114 la mwaka 2023, simu za zamani zitaipuuza tu bila kuharibu kitu.

Chikongola_Web

Kadi imekubali mpaka 320px. Mwenye mradi bado anauliza kwa nini Hazijalipwa iko safu ya pili peke yake.

fundi_mkuti

Panga Zimelipwa na Hazijalipwa mwanzo kwenye HTML, Hazijathibitishwa ishuke yeye. Ndiyo ndefu.