Mrejesho: wanafunzi wangu wa barakoa

Wadau, nimerudi. Niliuliza kwa nini wanafunzi wangu wa uigizaji hapa Padova, Italia, wakivaa barakoa za komedia ya Kiitaliano (commedia dell'arte, vichekesho vya kale vya jukwaani) wanakakamaa kama sanamu. Mlionijibu "waambie waelekeze pua, si macho", ahsanteni mno! Matundu ya macho ni madogo. Ukizungusha mboni tu, mtazamaji haoni kitu.

Jana binti mmoja aliyecheza Pantalone, yule mzee bahili wa Venezia, alisikia sarafu ikianguka. Pua ikaenda kwanza, shingo ikafuata, mgongo ukapinda, kisha akatugeukia taratibu. Tulicheka hadi mbavu kuuma.

Anayecheza Arlecchino, yule mtumishi mchekeshaji mrukaji, bado, magoti hayakunjiki. Na mji wenyewe ndio huu waigizaji wa komedia hii walikotia saini mkataba wa kundi lao mwaka 1545, aibu gani hii!