Mrejesho: Tovuti ya karakana ya fanicha, Kisumu

Wadau, niliwauliza kama karakana yetu ya vitanda na makochi hapa Kibuye inahitaji tovuti au ukurasa wa Facebook unatosha, na wateja wataijuaje. Asanteni kwa majibu, hata yale ya kuchekesha.

Nimeanza na tovuti ya ukurasa mmoja tu, kwa anwani inayoishia na .co.ke, ile ya biashara za Kenya. Picha tulizipiga kwa simu, nje, kabla jua halijawa kali, kisha tukazipunguza ukubwa ili mwenye bando dogo asikate tamaa. Chini ya kila picha kuna aina ya mbao, muda wa kutengeneza na bei ya kuanzia. Hiyo bei tulibishania sana na mzee. Anaogopa majirani wataona na kushusha zao. Mimi naona ukificha bei unapigiwa simu kutwa na watu wasionunua. Tumeiweka.

Kitufe cha WhatsApp ndicho kinachobonyezwa. Fomu ya barua pepe hakuna anayeigusa, nitaiondoa.

Aliyesema tujisajili kwanza kwenye ramani ya Google, ubarikiwe. Ni bure, na wateja wa Mamboleo na Riat wanatufikia bila kuuliza watu wa boda. Kitanda kikifika kwa mwenyewe tunamwomba aandike maoni na aweke picha. Anwani ya tovuti tumeichora pia ubavuni mwa mkokoteni wetu, wazo la mzee huyohuyo.

Matangazo ya kulipia bado. Shule zikifunguliwa hela za watu zote huenda kwa karo, kwa hivyo nangoja hapo papite.