Roboti za kukaa na mtu nyumbani: zitatuondolea hamu ya kuzaa?

Mkunga wa Busia
Habari zenu wapendwa. Mimi ni mkunga, Busia upande wa Uganda. Mdogo wangu anasomea uhandisi Kampala. Likizo hii ametutangazia wakati wa kula kwamba hatazaa. Akizeeka atanunua roboti ya kumchangamsha. Mama hakumaliza posho yake.

Kijana akanionyesha video ya Kirobo Mini ya Toyota, kiroboti cha sentimita 10 kilichouzwa Japani kwa yeni 39,800. Wamekitengeneza kwa makusudi kiyumbeyumbe, kama mtoto anayeanza kukaa, mgongo bado haujakaza. Hapo ndipo nilipoumia. Kazini namwona mama aliyechoka hoi anawekewa mtoto kifuani, na mikono inamkumbatia yenyewe kabla hajasema neno. Sasa kuna mtu amekaa ofisini akapima udhaifu ule ule wa mtoto, akautia kwenye plastiki ili uuzwe. Moyo ukishashibishwa hivyo, hamu ya mtoto itatoka wapi?

Fundi Arua
Dada, tazama miaka. Kiwango cha uzazi Japani, yaani wastani wa watoto kwa kila mwanamke, kilishuka hadi 1.57 mwaka 1989. Aibo, yule mbwa-roboti wa Sony, alitoka 1999. Watu walishapunguza kuzaa zamani: kazi hadi usiku, nyumba ghali, ndoa za kuchelewa. Korea Kusini ilifika 0.72 mwaka 2023, na kule roboti za Hyodol hupewa wazee wanaoishi peke yao, ziwakumbushe dawa. Upweke ulitangulia, roboti ikafuata.

Mama Zaituni, Bombo
Mwanangu, mwambie huyo kijana kwamba Japani watu ndio wanaozifanyia roboti mazishi. Pale hekalu la Kofukuji, mji wa Isumi, Aibo walioharibika wamesomewa ibada. Yeye siku yake ikifika, nani atamshika mkono? Usimgombeze lakini. Mwulize anaogopa nini.

Mkunga wa Busia
Asante mama, nimemwuliza. Akasema: "Niliona baba akiuza ng'ombe mmoja mmoja kwa karo yetu." Basi. Roboti hakuitaja tena.

Na Fundi, umenikumbusha hesabu za kwetu. Mwaka 2000 mwanamke wa Uganda alikuwa na wastani wa watoto karibu 7. Utafiti wa 2022 unasema 5.2. Hakuna roboti iliyoingia nyumba hizo. Ni wasichana kukaa shuleni, sindano na vipandikizi vya uzazi wa mpango, na karo, karo, karo. Hayo nayasikia kliniki kila wiki, kutoka kwa wanawake wanaopenda watoto sana.

Ila kile kiroboti bado sikikubali. Mzee mpweke apewe wa kumkumbusha dawa, sawa. Kijana anayeogopa umaskini kuuziwa mfano wa mtoto asiyekua, hapana, hiyo ni kumwacha na hofu yake vile vile.

Kuna mzazi au dada hapa ambaye kijana wake alisema hivi? Mlianzia wapi kuzungumza naye habari ya pesa bila kumfanya ajifunge zaidi?