Treni za njano za Afrika Kusini: uzee au mkono wa mtu?

Kigoda: Wakuu, mliowahi kuishi Joburg mnazijua zile treni za njano za umeme za Metrorail, shirika la treni za abiria mijini. Milango haifungi, vijana wananing'inia nje. Sasa treni mpya za buluu za kampuni ya Gibela zinashika njia. Zile za njano zimejifia kwa uzee au zimeuawa?

BabaGermiston: Nimezipanda miaka sita. Uzee gani? Zimekuja miaka ya sabini tu. Zilichomwa moto na abiria wenyewe. Treni ikichelewa, kiberiti.

MamaKiboko: "Abiria wenyewe"? Mume wangu alikuwa abiria. Alibeba Biblia, si kiberiti. Behewa lao lilikuwa kanisa, ukuta ndio ngoma, wanaimba hadi mjini. Treni ikifutwa haambiwi, akifika kazini kibarua kimeota nyasi.

FundiNyaya: Miaka ya sabini si kweli, Baba. Za kwanza zilitoka kiwanda cha Metro-Cammell cha Uingereza mwishoni mwa miaka ya 50, halafu kampuni ya Union Carriage wakaziunda kulekule Afrika Kusini, mji wa Nigel, hadi miaka ya 80. Muundo uleule miaka yote hiyo! Kwa hiyo hata kitinda mimba ana karibu miaka 40. Ila muuaji yuko juu ya paa, kwenye nyaya. Njia ni ya volti 3,000 za DC (umeme wa mkondo mnyoofu), inahitaji nyaya nene za shaba. 2020 korona ikasimamisha treni, wezi wakabeba nyaya, wakang'oa hadi stesheni. Cape Town watu wakajenga vibanda juu ya reli. Ungeleta treni gani pale?

Otis_wa_Kibera: Si ndio haohao Afrika Kusini walionunua vichwa vya treni vyenye kimo kuliko njia yao? 😂

FundiNyaya: Vile vilikuwa vya dizeli, kesi nyingine kabisa. Mahakama iliubatilisha ule mkataba 2017.

Dodoma_Express: Heri wao walinunua vipya. Nyie Nairobi mnapanda treni za mitumba kutoka Mallorca, Hispania.

Otis_wa_Kibera: Mtumba unafika. Mchongoko wenu, hiyo treni ya umeme ya Tanzania, si ulizimiwa umeme, shirika lenyewe likasema ni ngedere na bundi? Bundi, jamani!

Dodoma_Express: Umekatika siku moja mnaimba mwaka mzima. Sisi tuna umeme juu, nyie mnanusa moshi.

Kigoda: Jamani, niliuliza ya Afrika Kusini.

FundiNyaya: Jibu langu: uzee upo, ila njia ilikufa kwanza. Gibela wameagizwa treni 600, kiwanda kiko Dunnottar, jirani na Nigel palepale walipozaliwa wazee. Bila mlinzi wa nyaya, hizo 600 ni mapambo.

Otis_wa_Kibera: Mlinzi awe bundi.

MamaKiboko: Aliyesema "abiria wenyewe" bado hajanijibu.

BabaGermiston: Dada yangu, nilisema baadhi.

MamaKiboko: Hukusema baadhi. Panda juu ukasome.