Deni la 2,345,000: mzee anataka kuuza shamba ili nivae joho

BintiOli

Salaam ndugu zangu. Niko Arua, hapa Uganda, mtaa wa Oli, na jambo hili linaninyima usingizi kwa wiki ya pili sasa.

Nilimaliza masomo mwaka jana katika chuo kikuu kimoja cha serikali, Shahada ya Elimu, Kiswahili na Historia. Mitihani yote nimefaulu. Masomo mawili niliyokuwa nayarudia nayo nimeyapita. Lakini jina langu halimo kwenye orodha ya mahafali kwa sababu nadaiwa shilingi 2,345,000, na orodha inafungwa mwisho wa mwezi ujao.

Niwaeleze nilifikaje hapa. Form six nilipata pointi nzuri, ila si za kutosha kulipiwa na serikali. Mnajua nafasi zenyewe zilivyo: kama 4,000 kwa mwaka kwa vyuo vyote vya umma, karibu 3,000 kwa wenye alama za juu kitaifa, 896 zinazogawanywa kwa wilaya, na zinazobaki ni za wanamichezo na wenye ulemavu. Hata ile pointi moja na nusu wanayoongezewa wasichana haikunivusha. Za wilaya nilizikosa kwa pointi chache sana, na hadi leo nikiikumbuka ile siku ya majina moyo unaruka. Mkopo wa serikali nao ulikuwa wa kozi za sayansi na teknolojia, yangu haikuwamo. Basi nikaingia kwa kujilipia, 860,000 kila semesta pamoja na ada za huduma.

Mzee alikuwa mkulima wa tumbaku. Tumbaku ilipokufa huku kwetu akahamia mihogo na simsim, yaani ufuta. Mama anauza samaki wakavu anaowafuata Pakwach. Fedha hiyo ndiyo iliyonisomesha, na ilikuwa inakuja vipande vipande: laki moja leo, elfu sabini wiki mbili mbele.

Mwaka wa pili, semesta ya pili, mzee alilazwa. Nilirudi nyumbani kumuuguza, semesta yote ikapita. Sikuandika barua ya kuahirisha. Hakuna aliyeniambia kuna barua, na akili yangu ilikuwa hospitalini. Niliporudi mwaka uliofuata nikaendelea kama kawaida. Sasa kwenye akaunti naona semesta ile nimetozwa yote, na faini ya kuchelewa kujisajili 50,000 juu yake. Nilitozwa kwa darasa ambalo sikulikalia hata siku moja.

Kilichobaki ni salio la mwaka wa mwisho, 1,175,000, na 260,000 za kurudia masomo na ada ya mahafali.

Mzee amesikia. Kuna mtu anataka shamba letu la Vurra, nusu eka na zaidi, na ametoa bei. Mzee hajawahi kuvuka lango la chuo kikuu. Anasema anataka aingie angalau mara moja, akae kwenye viti chini ya hema, asikie jina lake likisomwa pamoja na langu. Jana alinionyesha shati alilolinunua. Mama amenyamaza tu, na mama akinyamaza namna ile najua hakubali.

Nafundisha shule ya binafsi hapa mjini kwa 250,000 kwa mwezi. Wananilipa hivyo kwa sababu sina karatasi. Bila transkripti sisajiliwi kuwa mwalimu, na bila usajili siwezi kuomba kazi ya serikali. Nilisoma Kiswahili nikijua wanakihitaji, maana tangu mtaala mpya wa 2020 ni somo la lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili, na walimu ni wachache.

Nauliza: nimwache mzee auze? Au kuna njia ya kulipa kidogo kidogo nikasubiri mahafali ya mwaka ujao?

---

Mjinja_87

Dada, pole. Mimi nitasema ambalo wengine hawatalisema. Auze.

Piga hesabu. Mwalimu wa masomo ya sanaa kama yako mwenye shahada serikalini anapata kama milioni moja kwa mwezi. Si kama wa sayansi waliopandishiwa hadi milioni nne mwaka 2022, tuligoma kwa ajili hiyo na tukarudi darasani mikono mitupu, lakini ni mara nne ya unachopata sasa. Kila mwezi unaokaa bila karatasi unapoteza laki saba na zaidi. Ukingoja mwaka mmoja umepoteza milioni tisa kuokoa deni la milioni mbili. Shamba utalinunua tena ukiwa kazini.

---

BintiOli

Kaka, hesabu yako naielewa na imenitisha. Lakini shamba lile halijalala. Mihogo tunayokula inatoka pale, na simsim yake ndiyo ada ya mdogo wangu aliye form five. Tukiliuza, mimi natoka na yeye anakwama. Tena kazi ya serikali haingojei mtu siku ya pili baada ya mahafali. Nina wenzangu wenye karatasi zote, mwaka wa tatu huu wanasubiri tangazo la wilaya.

---

Mama Rukia, Bombo

Mwanangu BintiOli, nimesoma maneno yako mara mbili.

Mimi nilikuwa na cherehani mbili. Kijana wangu alipobakiwa na deni la chuo niliuza moja, ile ya umeme, nzuri. Alivaa joho Januari, tukapika pilau, majirani wakaja, nikapiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Sijutii siku ile. Lakini alikaa miaka miwili bila kazi, na miaka ile miwili mimi nilikuwa na cherehani moja mbovu na oda za sare za shule nazirudisha kwa sababu siwezi kuzimaliza. Sasa hivi anafanya kazi na ananitumia fedha, Alhamdulillahi. Cherehani sijairudisha.

Mzee wako usimwambie kwamba mahafali si kitu. Kwake ni kitu. Mwambie: baba, nataka uje, ila nataka uje ukiwa bado na shamba. Mnunulie chai, mkae wawili, mama asiwepo. Mzee akiambiwa mbele ya mkewe atashikilia neno lake.

---

KaraniMstaafu

BintiOli, nilifanya kazi ofisi ya mhasibu wa chuo cha umma miaka kumi na tisa. Sisemi kipi. Kabla hujazungumza na mnunuzi wa shamba, nisikilize.

Ile namba unayoiona kwenye tovuti ya wanafunzi usiichukue kama msahafu. Nenda chuoni uombe taarifa ya akaunti yako iliyochapwa, mstari kwa mstari, tangu siku ya kwanza ulipojisajili. Si jumla tu. Ikae mezani pamoja na risiti zako zote. Kama zimepotea, benki na kampuni ya simu watakutolea kumbukumbu za malipo, utapoteza siku moja tu.

Kisha tafuta mambo haya. Malipo yote yanapita kwa PRN, namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa mamlaka ya mapato, na PRN inapotolewa mtu anachagua inalipia nini. Nimeona mara nyingi sana mzazi au mjomba amekwenda kwenye kibanda, kijana wa kibandani amebonyeza malazi badala ya ada. Fedha imeingia chuoni, imekaa upande wa malazi ya mtu anayelala kwa shangazi yake, na upande wa ada deni linaonekana pale pale. Hakuna atakayeihamisha mpaka wewe uombe kwa maandishi.

Angalia pia kama umetozwa kiwango cha mwaka ulioingia, au cha walioingia baada yako. Ada ikipanda huwa inawapandia wapya, lakini nimeona mfumo ukimchukua mtu aliyekaa nje semesta moja na kumweka kundi la nyuma yake, kwa bei ya kundi hilo.

Sasa ile semesta ya mzee kulazwa. Hapo kosa lako lipo, sitakuficha. Usipoandika, chuo kinahesabu upo. Lakini hukujisajili masomo, hukufanya jaribio, hukukaa mtihani. Hayo yote yana kumbukumbu idarani. Andika barua kwa Msajili wa Taaluma, nakala kwa mhasibu na mkuu wa kitivo, ukiomba kuahirisha kutambuliwe kwa tarehe ya nyuma. Weka fomu ya hospitali ya kutoka wodini yenye tarehe, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mkuu wa idara akisaini kwamba hukuonekana darasani, kamati ina kitu cha kushika. Siwezi kukuahidi kwamba watakubali. Nimeona wakikubali, na nimeona wakifuta faini tu na kuacha ada. Ila barua isiyoandikwa haijawahi kujibiwa.

Na usitume kwa barua pepe ukakaa. Peleka mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

---

Nakato_wa_Wandegeya

Naongezea kwa Karani. Mimi nilikuwa Makerere Oktoba 2019, wasichana walipotoka kupinga ile nyongeza ya ada ya asilimia 15 na wanajeshi wakaingia mabwenini. Nilikimbia na ndoo ya nguo mkononi. Tulikuwa tunazungumza habari ya ada kana kwamba ni namba moja kubwa, kumbe kinachowaangusha watu ni hizi ndogo ndogo: faini, kurudia, kitambulisho kipya, alama zilizopotea. Rafiki yangu wa chumbani alikosa mahafali mara mbili kwa sababu ya somo moja ambalo mhadhiri hakuwasilisha alama zake. Hadaiwi hata shilingi. Kwa hiyo ukienda, chungulia na matokeo yako pia, usije ukamaliza deni ukakuta shimo huko.

Tena ulizia kitu hiki: ukimaliza deni baada ya orodha kufungwa, wanaweza kukupa barua inayosema umetimiza masharti yote na unasubiri mahafali yajayo. Mimi nilipata kazi ya kwanza kwa barua hiyo. Kwa barua hiyo husajiliwi kuwa mwalimu, lakini mwajiri wa binafsi anaweza kukupandishia mshahara kwa ajili yake.

---

BintiOli

Narudi baada ya siku kumi na mbili. Samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa safarini.

Nilipanda basi la usiku Arua, nikafika Kampala saa kumi na moja alfajiri, nikakaa kwenye ngazi za ofisi hadi walipofungua. Taarifa ya akaunti nilipewa siku ya pili. Karani, Mungu akuweke. Kuna 430,000 ya mwaka wa kwanza, aliyonilipia baba mdogo, imekaa upande wa malazi. Mimi sijawahi kulala kwenye bweni la chuo hata usiku mmoja. Nilikuwa napanga chumba na wenzangu wawili. Yule mama wa dirishani aliiangalia, akaniangalia, akasema andika. Niliandika pale pale kwa kalamu ya kuazima. Siku ya nne ilikuwa imehamishwa. Nilitoka nje nikalia.

Deni sasa ni 1,915,000. Barua ya semesta imepokelewa na ina muhuri. Kupata saini ya mkuu wa idara kulinichukua siku tatu, lakini alinikumbuka. Alisema, "Wewe ndiye uliyepotea ukarudi umekonda." Kamati inakaa baada ya orodha ya mahafali kufungwa, kwa hiyo mwaka huu sivai joho, hata wakikubali. Wakikubali nitabaki na 1,005,000.

Mama Rukia, nilifanya ulivyosema. Nilimkuta mzee shambani peke yake, nikamnunulia chai na chapati pale barabarani. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Akaniuliza kama viti vya chini ya hema vitakuwepo mwaka ujao. Nikamwambia vitakuwepo. Akasema basi mvua ikinyesha tupande simsim upande wa juu.

Mnunuzi amerudishiwa salamu zake. Kaka Mjinja, najua nitapoteza miezi. Nimezungumza na mkuu wa shule, nikimpelekea barua ile aliyoitaja Nakato pindi deni likiisha atanifikisha 400,000. Hadi hapo nalipa 150,000 kila tarehe tano, na mama ameomba kikundi chake cha akiba kinisaidie kwa kiasi kitakachobaki mwishoni.

---

Mwanafunzi_Gulu

Dada, nina shida kama yako, ila kwangu ni mama mzazi aliyefariki, nami sikuandika barua ya kuahirisha. Barua uliiandikaje?

---

BintiOli

Pole sana, Mungu amrehemu mama. Yangu ilikuwa fupi, ukurasa mmoja. Juu niliweka jina, namba ya usajili, namba ya mwanafunzi, kozi na mwaka. Kichwa: maombi ya kutambuliwa kuahirisha masomo, nikataja semesta. Aya ya kwanza nilisema tarehe niliyoondoka na tarehe niliyorudi. Ya pili nilisema kwa nini, mistari mitatu tu, na nikakiri kwamba sikuandika kwa wakati. Ya tatu nilisema sikujisajili masomo wala kukaa mtihani wowote, na idara inaweza kuthibitisha. Mwisho niliomba ada na faini ya semesta hiyo viondolewe kwenye akaunti yangu. Wewe ambatisha cheti cha kifo na barua ya LC1. Toa nakala nne, maana kila dirisha wataomba moja. Ukikwama niandikie hapa, yangu ninayo kwenye simu.