Geti limetoka kama ganda la chungwa: rangi ya mafuta ya kupuliza mnachanganya vipi?

MchomeleajiKibuye:
Jameni mafundi wa rangi, niokoeni. Nina karakana ndogo hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye. Kuchomelea najua, rangi ndiyo hunipa taabu. Mteja wa Mamboleo aliagiza geti la milango miwili, nyeusi ya glosi, na akasema hataki kuona alama ya brashi hata moja. Nikaazima kompresa na bunduki ya kupulizia.

Mlango wa kwanza nilitia nusu lita ya tapentaini kwa lita moja ya rangi. Ikachirizika mpaka chini, na kwenye kona za paipu chuma bado kinaonekana. Wa pili nikaogopa, nikatia kidogo tu, tena thina ile kali ya magari, ili ikauke kabla ya mvua ya alasiri. Sasa uso wote una vijishimo. Mteja anakuja Jumamosi.

Spana14:
Ulipuliza saa ngapi?

MchomeleajiKibuye:
Saa saba mchana. Geti lilikuwa juani tangu asubuhi.

Nyanza_Boy:
Mimi hutumia petroli, rahisi na inakauka chap.

MzeeWaRangi:
Nyanza_Boy, unamshauri petroli mtu anayeshinda na cheche mkononi? Hata bila moto, petroli huua mng'ao. Geti linapendeza wiki ya kwanza, halafu linafifia.

Sasa wewe mwenye geti. Kosa la kwanza umeshalijua: nusu lita ni nyingi mno. Rangi ya mafuta ya kawaida huanza na tapentaini au waiti spiriti mililita 100 hadi 150 kwa lita, lakini soma mkebe kwanza, kila kampuni ina kipimo chake. Koroga mpaka chini, kwa sababu uzito wote umelala huko, kisha chuja kwa soksi ya nailoni ya kina mama. Kuna kikombe cha kupimia uzito wa rangi, chenye tundu chini, namba 4; kijaze. Rangi ikiisha kutiririka kwa sekunde 20 hadi 25 uko sawa. Huna? Chovya kijiti, inua. Uzi wa rangi ushuke bila kukatika, halafu uvunjike kuwa matone. Ikidondoka matone tangu mwanzo, umeifanya maji.

La pili si uzito peke yake. Thina kali juu ya chuma cha moto hukauka rangi ikiwa bado hewani, basi inatua kama punje na haipati muda wa kujilaza. Tapentaini haina haraka, na hiyo ndiyo faida yake. Puliza asubuhi, chuma kikiwa baridi lakini umande umeisha. Sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye chuma, mkono uende sambamba na geti, usiuzungushe kama anayemwagilia sukuma wiki. Kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Koti la kwanza, yaani tabaka la rangi, liwe jepesi, hata kama chuma kinachungulia. Ngoja kama dakika 15 linate kidoleni, ndipo upige la kulowesha. Kona za paipu anza nazo.

Na usipige thina ya magari juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakomaa. Itajikunja kama ngozi ya maziwa.

AchiengWaFanicha:
Nyongeza: fungua koki ya chini ya tangi la kompresa umwage maji kabla ya kuanza. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu, na tone moja la maji kwenye rangi huacha kijitundu. Vaa barakoa ya kichujio cha mvuke, kitambaa hakizuii kitu.

Spana14:
Na zima mashine ya kuchomelea, ya jirani pia.

MchomeleajiKibuye:
Ero kamano, asante sana. Nimejaribu mililita 120 kwenye kipande cha bati leo saa tatu, imelala kama kioo. Mlango wa kwanza nimeupiga msasa namba 320 na maji. Wa pili bado laini, unaziba msasa, kwa hivyo nimeuacha. Nimempigia mteja nikamsogeza hadi Jumatano. Amenuna, lakini amekubali.